SOMO LA VIKUNDI: JENGO LA ZAMANI NA SHERIA MPYA YA UJENZI



Katika kutembelea vikundi tumeona kwamba wengi sasa hawaanzi jengo jipya. Wanalo tayari la zamani: ukumbi wa matofali ya udongo, stoo ya nafaka, duka la kikundi au darasa. Wanachotaka ni kulipanua, kulitengeneza au kulitumia kwa kazi nyingine. Hapo ndipo swali linapokuja: je, sheria mpya ya ujenzi inahusu jengo ambalo lilikuwako kabla yake?

Somo hili linatosha mikutano miwili. Mmoja wenu asome kwa sauti, na mwingine awafafanulie wazee kwa Kiturkana pale penye maneno magumu.

MCHEZO MFUPI WA KUANZIA

Watu watatu wauigize mbele ya kikundi.

MWENYEKITI: Ejok, fundi. Huu ukumbi wetu tumeutumia kwa mikutano miaka mingi. Sasa tunataka watoto wa chekechea wasomee hapa.

FUNDI: Hiyo si kazi kubwa, mama. Nabomoa huu ukuta wa katikati, vyumba viwili vinakuwa kimoja. Madirisha natia grili, wezi wasiingie. Wiki mbili tu nimemaliza.

MZEE: Na karatasi za kaunti, kijana wangu?

FUNDI: Karatasi ni za nyumba mpya, mzee. Hii ilikuwako kabla ya kaunti yenyewe.

MWENYEKITI: Mimi nimesikia kuna sheria mpya. Ati nyumba zote za udongo zitabomolewa.

MZEE: Na mimi nimesikia jengo la zamani haliguswi kabisa. Sasa nani anasema kweli?

Simameni hapo kidogo. Kila mtu aseme anakubaliana na nani, na kwa nini. Kisha tuendelee.

1. NI SHERIA GANI HIYO MPYA?

Kwa miaka mingi Kenya ilitumia kanuni za ujenzi za mwaka 1968. Kanuni hizo zilikuwa na nguvu mahali ambapo baraza la mji au la wilaya lilikubali kuzipokea. Zilipendelea mawe, simiti na vifaa vingine vya gharama, na mtu wa kipato kidogo alishindwa. Mwaka 1995 zililegezwa kidogo, ili vifaa vya bei nafuu kama matofali ya udongo uliochanganywa na simiti viweze kukubaliwa. Mabaraza yenyewe yalikwisha, na mwaka 2013 serikali za kaunti zikashika kazi ya mipango na ujenzi.

Mwaka 2024 serikali ilichapisha katika gazeti rasmi Kanuni za Taifa za Ujenzi, chini ya sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, ile tunayoiita NCA. Zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025 na kuchukua nafasi ya zile za 1968. Hizi ni za nchi nzima, Lodwar sawa na Nairobi. Hazingoji baraza lolote lizipokee. Tena haziishii siku jengo linapokamilika. Zinaangalia pia jinsi jengo linavyotunzwa na kutumiwa.

Pamoja nazo iko Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Hii ndiyo inayosema kwamba mtu hawezi kuendeleza ardhi au jengo ndani ya kaunti bila kibali cha kaunti hiyo. Anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Kikundi kinachoweka shilingi hamsini hamsini kila wiki kitaitoa wapi faini ya namna hiyo?

2. JENGO LA ZAMANI LINAGUSWA LINI?

Tushike jambo moja ambalo ndilo moyo wa somo hili. Sheria mpya haiji na tingatinga kubomoa kila kilicho cha zamani. Jengo lililojengwa kihalali halifanyiki kosa kwa sababu tu miaka imepita na sheria imebadilika. Kwa hiyo uvumi aliousikia mwenyekiti si kweli. Lakini fundi naye amekosea, kwa sababu kazi mpya hufuata sheria mpya, hata ikifanywa kwenye jengo la zamani. Na mzee akumbuke hili: jengo la hatari halipati msamaha kwa sababu ya umri wake.

Ili tuelewe vizuri, tugawe kazi katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni KUTENGENEZA. Bati lililotoboka linawekwa lingine kama hilo. Bawaba imekatika, inabadilishwa. Ukuta unapigwa lipu na rangi. Jengo linabaki na umbo lake na kazi yake. Kwa kawaida hapa michoro mipya haihitajiki, lakini hakuna hasara kumwambia msimamizi wa wadi kabla ya kuanza.

Fungu la pili ni KUBADILISHA JENGO. Mnabomoa ukuta, mnaongeza chumba, mnatoboa mlango mpya, mnainua paa au mnaongeza ghorofa. Hapa kibali ni lazima. Sehemu mpya itapimwa kwa kanuni za leo, na mtaalamu ataangalia kama sehemu ya zamani inaweza kuibeba. Mnakumbuka ule mfano wa Injili, wa kiraka kipya katika nguo kuukuu. Paa zito juu ya ukuta uliochoka ni kiraka cha namna hiyo.

Fungu la tatu ni KUBADILISHA MATUMIZI, na hili ndilo vikundi vingi hulisahau. Hata kama hamkuongeza tofali moja, ukumbi ukiwa chekechea, au stoo ikiwa bweni, au nyumba ikiwa zahanati, sheria inahesabu kwamba mmeendeleza jengo. Sababu yake inaeleweka. Watu wazima ishirini wakikutana saa mbili kwa wiki, moshi ukitokea kila mmoja anajua mlango ulipo. Watoto arobaini wa miaka minne wakikaa humo kila siku ni jambo lingine kabisa.

Kwa hiyo kikundi cha mchezo wetu kiko katika fungu la pili na la tatu kwa pamoja. Karatasi anazouliza mzee zinahitajika.

3. KWA NINI TUJISUMBUE?

Tusifikiri sheria hizi zilitungwa ili maofisa wapate kazi. Nyingi ziliandikwa baada ya mazishi.

Tarehe 26 Machi 2001, moto ulichoma bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 wizara ya elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa shule: milango ya bweni ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kufuli watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na grili. Mwongozo haukusema mabweni ya zamani yaachwe yalivyo. Hata hivyo, Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwishoni mwa mwaka huo wizara iliagiza sehemu za bweni za shule za msingi zaidi ya 300 zifungwe kwa kukosa usalama. Hizo zote zilikuwa shule zinazotumika, zilizopimwa kwa kipimo cha leo.

Tuangalie pia Zanzibar. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883. Lilistahimili miaka zaidi ya mia moja na thelathini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na mafundi wawili walikufa. Jengo la zamani linaweza kusimama kwa mazoea tu, kila kipande kikiegemea kingine. Siku mnapoanza kuligusa ndiyo siku ya kuwa na macho zaidi.

Sasa turudie maneno ya fundi: “Nabomoa huu ukuta wa katikati. Madirisha natia grili.” Mnaona hatari mbili zilizomo?

4. KIKUNDI KICHUNGUZE JENGO LAKE

Kabla ya kumwita mtaalamu, zungukeni jengo lenu wenyewe mkiwa na penseli na daftari. Anzeni nje, kisha mwingie ndani.

NYUFA. Wekeni alama ya penseli mahali ufa unapoishia pande zote mbili, mwandike na tarehe. Baada ya mwezi angalieni tena. Ufa uliovuka alama ni ufa unaokua. Ufa mpana, au ule unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha, usifunikwe kwa lipu kabla mtaalamu hajauona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba ufa uliofichwa haujazibwa.

MAJI. Hapa kwetu mvua ni haba, lakini ikinyesha huja kwa kishindo. Lodwar tunaujua mto Turkwel na laga ya Kawalase. Kakuma wanaijua Tarach. Waulizeni wazee maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa. Angalieni sehemu ya chini ya kuta za udongo kama imeliwa. Jengo likiwa kwenye njia ya laga, msiongeze chumba hapo. Fedha hizo zitafuata maji.

UKUTA UNAOBEBA. Tazameni juu, mahali mbao za paa zinapolala. Ukuta wenye mbao juu yake umebeba mzigo. Hata kama uko katikati na unawazibia nafasi, usibomolewe kabla mhandisi hajasema ni nini kitabeba mzigo huo badala yake.

PAA. Gongeni mbao, msikilize kama mchwa wamezila ndani. Upepo wetu ni mkali, kwa hiyo angalieni kama mbao zimefungwa kwa waya au chuma kilichoshikwa ndani ya ukuta, au zimewekwa tu. Jambo jingine: katika majengo ya miaka ya zamani huenda mkakuta paa la asbesto. Si mabati. Ni vigae vigumu vya rangi ya kijivu, na vikivunjwa hutoa vumbi linalodhuru mapafu. Msivikate, msivitoboe wala kuvivunja, na watoto wasicheze na vipande. Pigeni ripoti kwa ofisi ya mazingira ya NEMA mpate maelekezo, kwa kuwa kisheria hiyo ni taka ya hatari.

MILANGO NA MADIRISHA. Je, mlango unafunguka kwa nje? Kuna mlango wa pili? Kama wezi wanasumbua, grili iwe ya bawaba inayofunguka kutoka ndani, na kila anayetumia chumba ajue kuifungua.

NJIA YA WENYE ULEMAVU. Sheria ya mwaka 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano wayarekebishe ili watu wenye ulemavu waweze kuyatumia. Sheria ya mwaka 2025 imechukua nafasi yake, na wajibu huo haukuondoka. Kwa hiyo hili linahusu jengo la zamani waziwazi. Si kazi ngumu. Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki: kila sentimita 10 za kimo cha ngazi zipewe mteremko wa urefu wa sentimita 120. Mlango wa upana wa sentimita 90 unapitisha kiti cha magurudumu.

CHOO. Jengo likipata watu wengi zaidi, choo cha zamani hakitoshi. Mwulizeni afisa wa afya ya umma, kwa sababu naye ana sauti katika kibali.

5. NJIA YA KUPATA KIBALI

Kwanza, karatasi ya ardhi. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii, inayolindwa na sheria ya mwaka 2016. Kama jengo limesimama juu ya ardhi ya jamii, tafuteni maandishi yanayoonyesha kwamba jamii iliwapa nafasi hiyo: muhtasari wa mkutano, majina na sahihi. Kama ni kiwanja cha mjini, leteni barua ya kugawiwa. Wekeni pamoja na cheti cha usajili wa kikundi.

Pili, nendeni ofisini kabla ya kununua vifaa. Walio Lodwar waanzie ofisi ya manispaa na idara ya ardhi na mipango ya kaunti. Walio vijijini waanzie kwa msimamizi wa wadi, atawaelekeza. Walio Kakuma mjini waulize ofisi ya kaunti iliyo karibu nao, kwa kuwa Kakuma na Kalobeyei nazo zimepewa hadhi ya manispaa. Wenzetu wakimbizi waliomo kambini waanzie ofisi ya serikali inayohudumia wakimbizi, kwa sababu ardhi wanayokalia si kiwanja cha mtu binafsi.

Tatu, michoro. Kwa jengo la zamani inatakiwa michoro miwili: mmoja wa jengo lilivyo sasa, na mwingine wa jengo litakavyokuwa. Mtaalamu awe ameandikishwa. Vikundi vinavyokaa jirani vinaweza kumwita mtaalamu mmoja siku moja na kugawana nauli yake.

Nne, kama mnataka chekechea, ongeeni mapema na afisa wa elimu ya chekechea wa kaunti. Kama ni shule au bweni, ongeeni na wizara ya elimu. Usikubali kumaliza kazi yote halafu uambiwe chumba ni kidogo.

Tano, mwulizeni fundi au mkandarasi karatasi yake ya NCA, na mwandikiane mapatano. Msianze kazi kwa ahadi ya mdomo kwamba kibali “kiko njiani”. Kazi ikimalizika, ombeni cheti cha kuruhusiwa kutumia jengo.

Wakati wote huo watoto watakaa wapi? Ekol moja nzuri, yenye kivuli na hewa, ni salama kuliko chumba chenye ukuta uliopasuka. Wasomee hapo mpaka kazi iishe.

6. HAKI ZENU

Ofisi ikiwakatalia, ombeni sababu kwa maandishi. Sheria ya 2019 inawapa siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo ya mipango ya ardhi. Siku hizo ni chache, kwa hiyo barua ikifika isikae mfukoni mwa katibu.

Malipo yote ya kibali yana risiti rasmi. Mtu akija na pikipiki akisema “nipeni kitu kidogo niwaachie”, mwulizeni jina, ofisi na risiti. Mkimpa bila risiti mtakuwa hamna kibali wala pesa, na kesho atakuja mwingine.

7. FEDHA KIDOGO, TUANZE WAPI?

Hatuna haja ya kufanya yote kwa mwezi mmoja. Tunapendekeza mpango huu. Anzeni na yale yanayookoa maisha kwa gharama ndogo: kugeuza mlango ufunguke nje, kurekebisha grili, kuchimba mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Kisha paa na kuta. Halafu, mkiwa na kibali, upanuzi. Rangi iwe ya mwisho. Tumeona kumbi zenye rangi nzuri ya samawati huku mbao za juu zimekuwa chakula cha mchwa. Katika kila shilingi mia za bajeti wekeni kumi pembeni, kwa maana jengo la zamani halionyeshi siri zake zote mpaka limefunguliwa.

TAFAKARI

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Hiyo nayo ni kanuni ya ujenzi, na ni ya kale kuliko zote tulizozitaja. Mwenye nyumba anaulizwa habari ya mgeni aliyepanda juu ya dari yake. Kikundi nacho kitaulizwa habari ya mtoto aliyeingia mlangoni mwake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kazi tunayotaka kufanya kwenye jengo letu iko katika fungu lipi: kutengeneza, kubadilisha jengo, au kubadilisha matumizi?
2. Moto ukitokea sasa hivi tukiwa ndani, tungetoka kwa njia gani? Bibi asiyeona na mtoto anayetambaa wangetoka vipi?
3. Karatasi ya ardhi ya jengo letu iko kwa nani? Nani mwingine anajua ilipo?
4. Je, kuna mwanakikundi ambaye hajawahi kuingia ndani ya ukumbi wetu kwa sababu ya ngazi? Tumewahi kumwuliza?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Wachague watu wanne, wawili wakiwa akina mama. Wawili wazunguke jengo wakiweka alama kwenye nyufa na kuandika tarehe. Wawili waende kwa msimamizi wa wadi waulize mambo matatu: fomu inapatikana wapi, ada ni kiasi gani, na nani atakuja kukagua. Warudi na majibu yaliyoandikwa. Mwenyekiti asimlipe fundi hata shilingi moja kabla majibu hayo hayajasomwa mbele ya kikundi chote.